Mashine ya kuoshea vyombo hotelini: kuiendesha na kuirekebisha kwa maji na umeme wa Arusha na Moshi

Sahani ikitoka na mafuta, jikoni wengi hukimbilia sabuni. Mtu anafungua kisanduku cha dozi, anazungusha skrubu, sabuni inaongezeka, na kesho yake glasi zina ukungu huku sahani zikiwa na mafuta yaleyale. Nimeliona hili kwenye hoteli za Arusha, nimeliona Moshi, na karibu kila mara sabuni haikuwa na kosa lolote. Mashine ilikuwa haipati presha ya maji, au boila halijafika joto, au chujio limejaa wali. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio ambao nakusihi usiuvuruge: maji kwanza, joto linafuata, sabuni mwisho.

Mashine ninazozungumzia ni zile mbili zinazopatikana sana kwenye hoteli, lodji na migahawa yetu: ile kubwa ya kushusha mfuniko kwa mpini, ambayo kreti inaingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili, na ile ndogo ya chini ya kaunta yenye mlango wa mbele. Zote hutumia kreti za plastiki za mraba, mara nyingi sentimita 50 kwa 50, na zote huosha kwa dakika moja hadi tatu. Ukizielewa hizi mbili, hata ile ndefu ya mkanda haitakutisha.

Maji mawili ndani ya mashine moja

Ukifungua mfuniko utaona tanki chini, na juu yake chujio. Hayo ni maji ya kuoshea. Pampu inayavuta na kuyarusha kupitia mikono inayozunguka juu na chini, yanagonga vyombo, yanarudi tankini, yanavutwa tena. Yana sabuni, yana joto la nyuzi 55 hadi 65 za selsiasi, na yanatumika kreti baada ya kreti.

Maji ya pili huyaoni. Yako ndani ya boila, ni masafi, yana nyuzi 82 hadi 85, na yanatoka mwishoni kwa sekunde chache tu, lita mbili hadi nne kwa kila mzunguko. Yakishasuuza vyombo yanaangukia tankini, na kiasi kilekile cha maji machafu kinatoka kupitia bomba la kufurikia. Ndivyo tanki linavyojisafisha kidogokidogo kadiri unavyoosha.

Sabuni inang'oa uchafu. Vijidudu vinauawa na joto la hayo maji ya mwisho. Kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wengi ni kwamba uso wa sahani yenyewe ufike walau nyuzi 71, na ili ufike hapo maji ya kusuuzia lazima yatoke yakiwa na 82 au zaidi. Zipo pia mashine za joto dogo, za nyuzi 50 hivi, ambazo zinaua vijidudu kwa klorini inayoingizwa kwenye maji ya kusuuzia. Hizo zina vipimo vyake kwenye kitabu chake, na yanayofuata kuhusu boila hayazihusu.

Maji kabla ya kitu kingine chochote

Anza na presha. Jengo linalotegemea simtanki juu ya mnara bila pampu linaidanganya mashine. Kimo cha mita 10 kinatoa takriban baa moja tu (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo simtanki lililo mita 6 juu ya jiko linakupa baa 0.6, na hapo hujatoa kinachopotea kwenye kona za mabomba. Mashine nyingi zisizo na pampu yake ya kusuuzia zinahitaji baa 2 hadi 4. Zenye pampu yake zinaridhika na presha ndogo zaidi. Angalia kibao cha chuma kilichobandikwa ubavuni au nyuma ya mashine, au kitabu chake, ujue yako ni ipi. Fungisha geji ya kupimia presha kwenye bomba linaloingia, kisha isome wakati mashine inasuuza. Geji iliyosomwa maji yakiwa yametulia haikwambii kitu, kwa sababu presha inaweza kuonekana nzuri na kuanguka mara valvu inapofunguka. Ikiwa ndogo, weka pampu ya kusukuma. Ikizidi kiwango cha kitabu, weka kipunguza presha, maana maji yanayorushwa kwa nguvu kupita kiasi yanatoka boila haraka kuliko linavyoweza kuyapasha.

Halafu tabia ya maji yenyewe. Hapa Arusha na Moshi zinatofautiana, na hata Arusha peke yake kisima cha mtaa mmoja si sawa na cha mtaa mwingine. Maji ya Moshi kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye chemchemi za chini ya Kilimanjaro. Upande wa Meru, maji mengi ya visima yana chumvichumvi za sodiamu na bikaboneti, pamoja na floridi ambayo kila mkazi anaijua kwa meno yenye madoa ya kahawia ya watoto wa vijiji fulani. Floridi haiidhuru mashine, na kilainishi cha maji, lile tangi la kuwekea chumvi, hakiiondoi. Nakiandika hiki kwa sababu nimekuta watu wakiyanywa maji yaliyopita kwenye kilainishi wakiamini yamekuwa salama.

Kilainishi kina kazi moja: kinachukua kalisi na magnesi, vitu vinavyoleta ukoko mweupe kwenye boila, na kuweka sodiamu mahali pake. Jumla ya chumvi ndani ya maji inabaki ileile. Ndiyo maana hoteli inaweza kununua kilainishi kwa fedha nyingi na glasi za mvinyo zikaendelea kuwa na madoa. Kabla hujanunua chochote, pima doa lenyewe. Chukua glasi iliyokauka ikiwa na madoa, futa sehemu moja kwa kitambaa kilicholowa maji matupu. Doa likiondoka kirahisi, ni chumvi zilizoyeyuka kwenye maji au mabaki ya sabuni. Lisipoondoka, dondoshea siki. Likiyeyuka, hiyo ni chokaa, na hapo kilainishi kitakusaidia, au kama unacho tayari, kimeishiwa chumvi. Lisipoondoka kwa maji wala kwa siki, kioo chenyewe kimeliwa, na hakuna dawa ya kukirudisha. Kioo huliwa na sabuni kali iliyozidi kwenye maji laini sana, tena taratibu, kwa miezi.

Kwa madoa ya chumvi zilizoyeyuka, dawa ya kusuuzia, ile inayoingizwa kwenye maji ya mwisho ili yateremke vizuri, ikipimwa sawasawa inapunguza sana. Baa inayojali glasi zake kuliko hapo itahitaji mtambo wa kuchuja maji kwa utando, kama ule wa wauza maji ya kunywa, kwa mashine ya glasi peke yake. Kwa sahani za wali na ndizi sioni haja ya gharama hiyo.

Kuiwasha asubuhi

1. Mkiwa bado hamjawasha umeme, tazameni ndani. Chujio lipo na limekaa sawasawa, mikono ya juu na ya chini inazunguka ukiisukuma kwa kidole, matundu yake hayajaziba. Kijiti cha meno ni adui mkubwa hapa, kikifuatiwa na mbegu ya ndimu na vipande vya tishu.

2. Weka bomba la kufurikia mahali pake. Lisipokaa vizuri tanki halijai, na mashine itaendelea kuita maji bila kikomo.

3. Fungua koki ya maji, kisha washa breka ya ukutani, kisha swichi ya mashine. Mpangilio huu una sababu: hita ya boila ikipata umeme bila maji inaungua. Mashine nyingi zina kinga, lakini usiijaribu kinga.

4. Shusha mfuniko, acha ijae na kupata joto. Inaweza kuchukua dakika 20 hadi 40. Stewadi wa zamu ya asubuhi awashe mashine kabla ya kunywa chai, siyo baada ya sahani za kifungua kinywa kurundikana.

5. Joto likifika, piga mizunguko miwili mitupu, ukitazama kwamba tanki halitoi povu, na kama sabuni na dawa ya kusuuzia zinatembea ndani ya mirija yake.

Joto, mahali mashine nyingi zinapoangukia

Joto linaloonekana kwenye kioo cha mashine ni la ndani ya boila au tanki. Sahani haipati hilo lote. Pima joto linalofika kwenye sahani yenyewe: bandika karatasi ya kupimia joto inayogeuka rangi ikifika nyuzi 71 kwenye sahani, au weka kipimajoto kisichopitisha maji, kile kinachobakiza namba ya juu kabisa, kikiwa kimelala katikati ya kreti. Piga mzunguko mzima. Rudia baada ya kuosha kreti kadhaa mfululizo, maana mashine iliyopumzika ina boila lililojaa joto na itafaulu mtihani wowote. Ukweli wa mashine unaonekana saa mbili usiku mgahawa ukiwa umejaa.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu inaeleza malalamiko mengi. Chukua mashine inayotumia lita 3 kwa kusuuza, yenye hita ya boila ya kilowati 6. Asubuhi ya Julai Arusha maji ya bomba yanaweza kuwa na nyuzi 18. Kuyapandisha hadi 85 hita inahitaji takriban sekunde 140, dakika mbili na kidogo. Ukichagua mzunguko wa dakika moja, boila haliwezi kuwahi. Hapo mashine za kisasa zinasubiri zenyewe: zinaendelea kuosha mpaka joto lifike, ndipo zisuuze. Mashine za zamani hazisubiri. Zinasuuza kwa maji yaliyopo, yawe na 85 au 65, na taa ya kumaliza inawaka kama kawaida.

"Kaka, leo inachelewa sana, imeharibika?" Dada mmoja wa zamu ya usiku kwenye hoteli ya Njiro, Arusha, aliniuliza hivyo, huku kreti tatu zikiwa zimepanga foleni na mhudumu akigonga kaunta akitaka vijiko. Mashine ilikuwa nzima. Oveni, vikaangio na majiko ya umeme vyote vilikuwa vinafanya kazi, na mita niliyoishika ilisoma volti 200 badala ya 230. Nguvu ya hita inashuka kwa mraba wa volti: ukigawanya 200 kwa 230 na kuzidisha jibu kwa lenyewe unapata 0.76, yaani hita ya kilowati 6 imekuwa ya 4.5. Zile sekunde 140 zimekuwa zaidi ya 180. Alikuwa anaona kwa macho hesabu hiyohiyo. Tulichofanya ni kumhamishia mzunguko wa dakika tatu kwa saa zile, na siku iliyofuata fundi umeme akaigawa upya mizigo ya fezi tatu za jiko, yaani njia tatu za umeme zinazoliingia, maana vikaangio na mashine vilikuwa vimelundikwa kwenye fezi moja.

Kuna njia rahisi zaidi, na nashangaa lodji nyingi zenye paneli za jua za maji ya kuoga hazijaitumia. Vuta bomba la maji ya jua mpaka kwenye mashine. Maji yakiingia na nyuzi 50 badala ya 18, hita ileile inahitaji sekunde 73 hivi, nusu ya muda. Hakikisha tu kitabu cha mashine kinaruhusu maji ya moto kuingia na ni mpaka nyuzi ngapi, na kilainishi kiwe upande wa maji ya baridi kama hakikutengenezwa kwa maji ya moto.

Sasa kurekebisha themostati, kidhibiti cha joto. Kwenye mashine za kioo cha tarakimu unaingia kwenye mipangilio ya fundi kwa namba ya siri iliyo kwenye kitabu. Kwenye za zamani themostati ziko nyuma ya kava la mbele, moja ya tanki na moja ya boila, kila moja na kijiskrubu chake. Zima breka ya ukutani kabla ya kufungua kava. Swichi ya mashine haitoshi, nyaya za nyuma yake bado zina umeme. Sogeza nyuzi mbili au tatu tu, funga, washa, subiri boila litulie, pima tena kwa kipimajoto.

Usishawishike kupandisha boila hadi 95 ili "kuwa na uhakika". Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Moshi iko chini zaidi, huko ni kama 97. Boila likianza kuchemka linatoa mvuke, maji yanatoka kwa kukatakata, hita inasumbuka, na maji ya moto kupita kiasi yanakauka juu ya glasi kabla hayajateremka, yakiacha madoa. Boila kwenye 85, ukipanda sana 88, linatosha.

Tanki nalo lina mipaka yake. Chini ya 55 mafuta ya nyama choma yanabaki yameganda, hasa kwenye plastiki. Juu ya 65 yai na maziwa yanaivia palepale kwenye sahani na kushika kama gundi. Kwa mashine ya kawaida naiacha kwenye 60.

Sabuni na dawa ya kusuuzia

Umepima presha, umepima joto, na vyote viko sawa. Sasa unaruhusiwa kugusa dozi.

Sabuni ya mashine ni kali, ina soda kostiki au potashi, na wakati mwingine klorini. Haitoi povu. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono inatoa povu, na hata kiasi kidogo kinajaza tanki povu, pampu inavuta hewa badala ya maji, na mikono inaacha kuzunguka. Vyombo vilivyolowekwa kwenye beseni la sabuni ya kawaida visuuzwe vizuri kabla ya kuingia mashine.

Soma kwenye dumu ni gramu ngapi kwa lita. Nyingi ziko kati ya 1 na 3. Tuseme umeambiwa 2, na tanki lako ni la lita 20. Maji ya kwanza yanahitaji gramu 40. Baada ya hapo, kila mzunguko unaingiza lita 3 za maji mapya, kwa hiyo kila mzunguko unahitaji gramu 6 za kuongezea. Ndiyo maana visanduku vingi vya dozi vina skrubu mbili au mipangilio miwili, mmoja wa kujaza na mwingine wa kuongezea. Anayerekebisha wa kuongezea peke yake atashangaa kwa nini kreti za kwanza za asubuhi ni chafu na za mchana ni safi. Msambazaji wa sabuni ana vifaa vya kupimia nguvu ya maji ya tanki. Mdai aje navyo na apime mbele yako.

Dawa ya kusuuzia ndiyo inayofanya maji yateremke kwenye glasi kama shuka badala ya kubaki matonematone. Inahitajika kidogo sana, kama mililita 0.3 kwa lita, yaani karibu mililita 1 kwa mzunguko wa lita 3. Utaipimaje? Inua ncha ya mrija kutoka kwenye dumu sekunde chache, kiputo cha hewa kiingie, uirudishe. Piga mzunguko na ufuatilie kiputo. Kwenye mrija wenye tundu la milimita 4, kila sentimita 8 ni mililita 1. Kikitembea sentimita 3, unapata kidogo. Kikitembea 20, unamwaga fedha, na glasi zitakuwa na michirizi ya rangi ya buluu na kunata. Geuza skrubu robo mzunguko, piga mizunguko mitatu minne, tazama, ndipo uguse tena. Alama ya kuongeza na kupunguza imechorwa pembeni ya skrubu. Pale ambapo haijachorwa, kiputo chako kitakuonyesha.

Kama skrubu imefunguliwa hadi mwisho na kiputo hakitembei, fungua pampu ya dozi. Ndani kuna mrija laini unaobanwa na vigurudumu. Huo unachoka, unapasuka au kubaki umebanika, na unatakiwa kubadilishwa walau mara moja kwa mwaka. Ni kipuri cha bei ndogo, kuwa nacho stoo.

Kuhusu madumu, hapa nasema kwa ukali. Sabuni ya mashine inaunguza ngozi na inaweza kupofusha. Vaeni glovu na miwani mnapobadilisha dumu. Ikimrukia mtu machoni, asuuze kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali, bila kumsubiri bosi. Usiihamishie kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja. Mwenzako wa zamu inayofuata hajui. Na dawa ya kutoa ukoko ni asidi: ikikutana na sabuni au dawa yenye klorini inatoa gesi yenye sumu. Mirija ya dumu la sabuni na ya dawa ya kusuuzia iwe na rangi tofauti, na kibandiko cha Kiswahili kwenye kila dumu.

Kinachoingia na kisichoingia

Sufuria za alumini zisiingie. Sabuni kali inaila alumini, inaigeuza nyeusi, na weusi huo utahamia kwenye chakula na mikononi. Kwa kuwa sufuria nyingi za jiko letu ni za alumini, hiki ndicho kitu cha kwanza cha kumfundisha mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mwiko, ubao wa kukatia wa mti na visu vya mpini wa mti nazo zioshwe kwa mkono. Melamini, ile plastiki ngumu ya sahani, inaingia, ila inapoteza mng'ao mapema na haikauki vizuri.

Kung'uta mabaki pipani, kisha pitisha bomba la kunyunyizia maji ya uvuguvugu. Mtori na ugali vina wanga unaoganda. Sahani ikichelewa nusu saa mezani, iloweke kwanza. Vikombe vya chai ya maziwa visuuzwe mapema kabla utando haujakauka. Sahani zisimame kwenye kreti ya meno, zote zikitazama upande mmoja. Vikombe na glasi vifudikizwe. Vijiko na uma vilowekwe, halafu viwekwe kwenye vikopo vyake mipini ikiwa chini, vimechanganywa ili kijiko kisilalie kijiko. Kreti iliyojazwa kupita kiasi ni kreti utakayoirudia.

Ikitoka, iache isimame dakika moja au mbili. Chombo chenye joto la kutosha kinajikausha chenyewe. Kukifuta kwa taulo lililozunguka jiko lote ni kukirudishia vijidudu ulivyotumia umeme kuviua. Na anayepakia vichafu asiwe ndiye anayepakua visafi, au basi anawe mikono katikati.

Badilisha maji ya tanki baada ya kila mlo, na wakati wowote yanapokuwa mazito au kunuka, hata kama foleni ni ndefu.

Ikisumbua

Ikiosha bila nguvu, tazama chujio na matundu ya mikono kabla ya kulaumu pampu. Tanki lisipojaa, kagua bomba la kufurikia, kisha kichujio kidogo cha wavu kwenye mdomo wa bomba linaloingia. Matope ya mvua za masika yanapenda kukaa hapo. Sahani zikiwa na mafuta kote, joto la tanki. Zikiwa na mafuta sehemu moja, ni mpangilio wa kreti au mkono usiozunguka. Povu jingi, kuna sabuni ya kawaida imeingia au tanki ni baridi.

Breka ikikata, irudishe mara moja tu. Ikikata tena, iache imezimwa na uite fundi umeme, maana hita iliyopasuka inaweza kupitisha umeme kwenye bati la mashine. Yeyote anayehisi mashine "inamchoma" vidole aizime ukutani papohapo. Mashine isiyo na waya wa ethi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haitakiwi kufanya kazi.

Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, kreti iliyo ndani inahesabika kuwa chafu. Kama jenereta haliwezi kubeba mashine, hamieni kwenye sinki tatu: kuosha kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto, kusuuza, kisha kuzamisha walau dakika moja kwenye maji yenye klorini. Kwa dawa ya klorini ya asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, kwa lita 10 za maji vinatoa takriban sehemu 100 kwa milioni. Dawa hiyo msiitumie kusafishia mashine yenyewe. Klorini inatoboa chuma cha pua kwa vidoti vidogo visivyofutika.

Kufunga jiko

Usiku, zima, toa bomba la kufurikia, maji yatoke. Ng'oa machujio yaoshwe kwa brashi sinkini, usiyagonge ukutani. Fungua mikono ya kunyunyizia, toa vifuniko vya mwisho, pitisha maji ndani yake. Futa kingo za mlango, maana mafuta ya hapo ndiyo yanayoleta harufu. Acha mfuniko wazi mpaka asubuhi, na funga koki ya maji. Angalia chumvi ya kilainishi kila wiki. Ukiona hita au kuta za tanki zina weupe mgumu, fanya siku ya kutoa ukoko: toa dumu la sabuni, suuza tanki kabisa, jaza maji, weka asidi ya kutolea ukoko kwa kipimo cha lebo, zungusha, mwaga, suuza mara mbili.

Tundika daftari karibu na mashine. Kila zamu iandike joto la tanki, joto la boila, joto lililopimwa kwenye sahani, presha wakati wa kusuuza, na saa. Siku ya kumwita fundi, mtumie picha ya ukurasa wa wiki hiyo na picha ya kibao cha mashine chenye modeli, volti na kilowati, ili atoke mjini na kipuri sahihi, hasa kama jiko lako liko mbali na lami.